Anga za Juu na Bunilizi za Kisayansi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yamepewa nambari ili jibu moja lisirudiwe mahali pawili. Ukikuta "taz. 16", nenda swali la 16. Anayejua misingi aruke moja kwa moja hadi sehemu ya tatu.

## Misingi

1. Anga za juu huanzia wapi hasa?

Hakuna ukuta huko. Hewa hupungua taratibu kadiri unavyopanda, kwa hiyo mpaka ni makubaliano ya watu tu. Unaotumika zaidi ni kilomita 100 juu ya usawa wa bahari, uitwao mstari wa Kármán. Marekani huhesabu kuanzia maili 50, yaani kilomita 80 hivi. Ndiyo maana mtu mmoja anaweza kuwa mwanaanga katika orodha hii na abiria wa kawaida katika orodha ile.

Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu huzunguka kwenye kimo cha kilomita 400 hivi, na hata huko kuna masalia ya hewa yanayokivuta nyuma kidogo kidogo. Kinashuka, injini zinawashwa, kinapandishwa tena. Basi ukisoma hadithi ya kituo kilichotelekezwa miaka 200 kwenye kimo hicho, kisha mashujaa wakakikuta kinawangoja, ujue mwandishi amesahau hewa. Kingeanguka mapema mno.

2. Kama graviti (nguvu ya mvutano) ipo huko juu, kwa nini wanaanga huelea?

Kwa sababu wanaanguka, wao na chombo chao pamoja. Kwenye kilomita 400 graviti bado ni karibu asilimia 90 ya ile ya hapa chini. Ungejenga mnara wa kimo hicho na kusimama kileleni, ungesimama imara tu, mwepesi kidogo.

Tofauti inaletwa na mwendo. Kituo kinakwenda mbele kilomita 7.7 kila sekunde. Katika sekunde hiyohiyo kinaanguka mita 4.3 hivi, na uso wa Dunia, kwa kuwa ni mviringo, umejipinda kwenda chini kiasi hichohicho. Kinaanguka bila kufika, na kila dakika 93 hivi kimemaliza mzunguko. Neno "graviti sifuri" limezoeleka, lakini linapotosha.

3. Mwakanuru ni muda au umbali?

Umbali. Ni njia ambayo nuru huimaliza kwa mwaka mmoja: kilomita trilioni 9.46. Mhusika anayesema "nimekungoja miakanuru kumi" ni sawa na anayesema amengoja kilomita tatu.

Kwa kipimo hicho, Mwezi uko sekunde 1.3 za nuru kutoka hapa, Jua dakika 8 na sekunde 20, Proxima Centauri (nyota iliyo jirani zaidi na Jua) miakanuru 4.24, na galaksi ya Andromeda miakanuru milioni 2.5. Nambari hizi nne zafaa kukariri, maana makosa mengi ya bunilizi huanza kwa kuzichanganya.

4. Mbona majina ya sayari hayafanani kitabu hadi kitabu?

Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali ni majina ya zamani yaliyotufikia kwa Kiarabu. Vitabu vingine hutumia maumbo ya Kizungu kama Jupita, na vingine huiita Utaridi kwa jina la madini, Zebaki. Uranus na Neptuni hazina jina la kale kwa sababu hakuna aliyezitambua kuwa sayari kabla ya darubini: ya kwanza iligunduliwa 1781, ya pili 1846. Tumia jina lolote, ila usichanganye mikondo miwili katika andiko moja.

Nyota nazo zina majina yetu. Kile kishada kidogo cha nyota ambacho dunia nzima inakijua (Pleiades), kwetu ni Kilimia, na jina linatokana na kulima.

5. Bunilizi ya kisayansi inatofautianaje na fantasia?

Siyo kwa roketi. Katika bunilizi ya kisayansi, jambo la ajabu linadai kuwa na sababu, na sababu hiyo ina gharama na mipaka inayofuatwa hadi mwisho. Uchawi unaweza kuwa na kanuni pia, lakini haudai kuwa sehemu ya ulimwengu huu tunaoupima. Bunilizi "ngumu" ni ile inayokubali kukaguliwa kwa kikokotoo, na "laini" hutumia anga kama jukwaa la mambo mengine. Zote halali. Kinachoudhi ni laini inayojifanya ngumu.

## Kutazama mwenyewe

6. Ninunue darubini gani kwanza?

Ya macho mawili, 7x50 au 10x50. Nambari ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Kwa kifaa hicho utaona mashimo ya Mwezini, miezi minne mikubwa ya Mshtarii ikiwa vidoa vilivyojipanga mstari mmoja, makumi ya nyota ndani ya Kilimia, na galaksi ya Andromeda kama wingu hafifu. Viwiko viegemeze juu ya kitu. Ukipita ukuzaji wa mara 12 mkono hautoshi tena. Utahitaji mguu wa kusimamishia.

Baada ya miezi kadhaa, ukiwa bado na hamu, tafuta darubini ya kioo yenye kipenyo cha milimita 150 au 200 juu ya kitako cha chini kinachozungushwa kwa mkono, mtindo uitwao Dobson. Kioo cha milimita 200 hukusanya nuru zaidi ya mara 800 kuliko mboni iliyopanuka kufikia milimita 7. Epuka darubini nzuri iliyowekwa juu ya miguu myembamba. Ukigusa tu, picha inatetemeka sekunde tano, na hicho ndicho kinachowakatisha tamaa wanaoanza, kuliko ubora wa lenzi.

7. Sanduku limeandikwa "mara 525". Ni kweli?

Ni kweli kihesabu, lakini ni upuuzi kimatumizi. Ukuzaji hupatikana kwa kugawa urefu wa fokasi (umbali kutoka lenzi au kioo hadi nuru inapokutana) wa darubini kwa ule wa lenzi ya jichoni. Darubini ya milimita 1,200 yenye lenzi ya milimita 25 hukuza mara 48, na kwa lenzi ya milimita 10 hukuza mara 120. Ukomo wenye maana ni mara 2 kwa kila milimita ya kipenyo, hivyo darubini ya milimita 60 huishia 120. Zaidi ya hapo unakuza ukungu, na giza linaongezeka. Hata darubini kubwa, usiku mwingi hewa yenyewe inayumba na kukuzuia kwenye mara 200 au 250.

Pete za Zohali, ambazo ndizo wengi wanazitaka, huanza kuonekana kwenye mara 30 tu.

8. Nimeshanunua, lakini sioni kitu. Kosa liko wapi?

Fuata mpangilio huu:

1. Toa kifuniko chote cha mbele. Vingine vina kitobo kidogo katikati chenye kizibo chake, na watu hutoa hicho tu.
2. Mchana, elekeza darubini kwenye mnara au mti wa mbali, upande usio na Jua. Kitu kikishakaa katikati, rekebisha skrubu za kidarubini cha kulengea mpaka nacho kielekee papo hapo. Bila hatua hii utakuwa unawinda gizani.
3. Anza na lenzi yenye nambari kubwa, mfano milimita 25. Nambari ndogo hukuza zaidi, lakini eneo linaloonekana hubana sana.
4. Iache darubini nje dakika 30 hadi 60 kabla ya kutumia. Kioo chenye joto huchemsha hewa iliyo mbele yake, na sayari huonekana kama iko chini ya maji yatembeayo.
5. Usitazame kupitia dirisha. Kioo cha dirisha hupinda nuru ovyo.
6. Yape macho dakika 20 hadi 30 za giza. Tumia tochi nyekundu hafifu. Ukifungua simu mara moja tu, umeanza upya.

Ukiwa bado unaona ukungu kwa darubini ya kioo, lenga nyota angavu na uvuruge fokasi kidogo. Miduara ikiwa haina kitovu kimoja, vioo vimekaa upande na vinahitaji kunyooshwa kwa skrubu zake. Umande ukitua kwenye lenzi usiufute. Uache ukauke wenyewe, maana kufuta hukwaruza.

9. Naweza kutazama Jua?

Kwa kichujio cha jua kilichofungwa mbele ya darubini tu, kikiwa kimekazwa kisipeperushwe na upepo, na kidarubini cha kulengea kimefunikwa. Vile vichujio vidogo vinavyowekwa kwenye lenzi ya jichoni vitupe: hukaa pale joto linapokusanyika, vikapasuka ghafla, na jicho likaungua kabla hujapepesa. Miwani ya kupatwa kwa jua (kiwango cha ISO 12312-2) ni ya macho matupu, kamwe usichungulie nayo ndani ya darubini.

10. Mbona nebula (wingu la gesi na vumbi angani) ninayoiona ni ya kijivu, na kwenye picha ina rangi tele?

Seli za jicho zinazofanya kazi gizani hazitambui rangi. Kamera nayo hukusanya nuru kwa saa nyingi, jicho haliwezi. Picha za darubini ya Hubble, yenye kioo cha mita 2.4, huunganishwa kutoka picha kadhaa zilizopigwa kwa vichujio tofauti. Darubini ya James Webb, iliyorushwa 25 Desemba 2021, hufanya kazi hasa kwa mnururisho wa infraredi usioonekana kabisa. Kwa kawaida mawimbi yake marefu hupewa rangi nyekundu na mafupi buluu. Huo ni ufasiri, na taarifa zilizomo ni za kweli. Anayeuita udanganyifu angepaswa kuuita udanganyifu mchoro wa eksirei pia.

11. Nimeona nuru ikikatiza anga. Ni nini?

Ikimeta nyekundu na kijani, ni ndege. Ikienda kwa utulivu bila kumeta, ikavuka anga kwa dakika chache kisha ikafifia na kutoweka katikati ya anga, ni satelaiti iliyoingia kwenye kivuli cha Dunia. Kituo cha Kimataifa huonekana saa chache baada ya machweo au kabla ya mapambazuko, kikiwa angavu kuliko nyota zote. Ikipita kwa sekunde moja, ni kimondo. Isiyosogea lakini inawaka kupita kiasi magharibi jioni, au mashariki alfajiri, karibu kila mara ni Zuhura.

12. Simu yaweza kupiga picha za anga?

Ndiyo, na Mwezi ndio wa kuanzia. Tumia ukuzaji mdogo, weka lenzi ya simu katikati kabisa ya lenzi ya jichoni, punguza mwangaza kwa kutelezesha kidole mpaka mashimo yaonekane, kisha tumia kipima muda cha sekunde 3 ili mguso wa kidole usitikise.

Kwa Njia Nyeupe, kamera yenye kidhibiti muda hufuata kanuni ya 500: gawa 500 kwa urefu wa fokasi. Lenzi ya milimita 24 hukupa sekunde 20 hivi kabla nyota hazijaanza kuwa mistari. Kwa simu, gawia urefu wa fokasi "linganifu" uliotajwa na mtengenezaji, siyo ule halisi wa milimita chache.

## Filamu na riwaya zinapokosea

13. Milipuko ina sauti angani?

Haina. Sauti inahitaji kitu cha kupitia, na ombwe halina. Lakini vipande vikigonga chombo chako, utasikia ndani, kupitia kuta zake.

14. Mtu akitoka bila suti hulipuka au huganda?

Yote mawili hapana. Ngozi ina nguvu ya kutosha kumshikilia, ingawa mwili huvimba. Kuganda huchukua muda mrefu, kwa sababu ombwe ni kizuizi cha joto, kama lililo kati ya kuta mbili za chupa ya chai. Kinachomwangusha ni ukosefu wa oksijeni: fahamu hupotea baada ya sekunde 10 hadi 15. Akirudishwa kwenye hewa ndani ya dakika moja hivi, anaweza kupona.

Mwaka 1966, katika chumba cha ombwe cha NASA huko Houston, bomba la suti ya fundi Jim LeBlanc lilichomoka. Alizimia baada ya sekunde 14 hivi na akapona. Jambo la mwisho alilokumbuka ni mate kuchemka juu ya ulimi wake. Upande wa majonzi ni chombo cha Kisovieti Soyuz 11 mwaka 1971: vali ilifunguka wakati wa kurudi, na Dobrovolsky, Volkov na Patsayev, waliokuwa bila suti, wakafariki. Baada ya hapo wanaanga wa Soyuz walivaa suti wakati wa kupaa na kutua.

Kwa mwandishi: mhusika asishike pumzi. Hewa iliyofungiwa hupanuka na kuchana mapafu. Atoe pumzi yote na afanye haraka.

15. Ukanda wa asteroidi (mawe yanayozunguka Jua) ni hatari kuupita?

Rubani anaweza kulala. Asteroidi zote za ukanda ule, zikikusanywa, hazifiki hata asilimia 5 ya masi ya Mwezi, na zimetawanywa katika eneo lisilokadirika kati ya Mirihi na Mshtarii. Ukisimama juu ya moja, huenda usione nyingine kwa macho. Pioneer 10, iliyorushwa 1972, ilikuwa ya kwanza kuvuka, na ikapita salama.

Ukitaka mawe yanayosongamana, yaweke kwenye pete za sayari. Huko kuna msongamano wa kweli.

16. Chombo kinachozunguka huleta graviti kweli?

Huleta hisia yake, na hesabu ni rahisi. Kwa graviti kamili ya Dunia, nusu kipenyo kwa mita ni 894 ukigawa kwa mizunguko ya dakika moja iliyozidishwa kwa yenyewe. Mzunguko 1 kwa dakika wahitaji mita 894, mizunguko 2 mita 224, mizunguko 4 mita 56.

Kwa nini usijenge kidogo na kukizungusha kasi? Kwa sababu ya masikio ya ndani. Kwenye mizunguko 2 wengi huzoea. Kadiri unavyopanda, kugeuza kichwa tu kunaleta kichefuchefu. Chombo cha nusu kipenyo cha mita 10 kinataka mizunguko zaidi ya 9 kwa dakika, na kichwa cha aliyesimama kingehisi asilimia 82 tu ya kile miguu inachohisi.

Hapa pana utajiri ambao waandishi wanauacha. Kwenye gurudumu la mita 224 sakafu inakwenda mita 47 kwa sekunde. Ukikimbia mita 5 kwa sekunde kinyume na mzunguko, uzito wako hupungua kwa asilimia 20. Ukikimbia kuufuata, unaongezeka. Mpira ukirushwa juu hutua pembeni. Mtoto aliyezaliwa humo angeona mpira wa Duniani ndio wenye kasoro.

17. Vyombo hupinda kama ndege za kivita?

Ndege hupinda kwa kuegemea hewa. Angani unageuza pua kwa vijiroketi vidogo, mwendo haubadiliki hata kidogo, kisha unawasha injini kuu kuelekea unakotaka. Injini ikizimwa chombo kinaendelea na kasi ileile. Hakuna "mafuta yameisha, tumesimama".

Obiti, yaani njia ya kuzunguka sayari, ina ukaidi wake. Ukitaka kumfikia aliye mbele yako kwenye njia ileile, funga breki: utashuka kwenye njia ya chini iliyo ya kasi zaidi, umpite kwa chini, kisha upande. Ukiongeza mwendo utapanda juu na kuachwa nyuma.

18. Dhoruba ya Mirihi inaweza kuangusha roketi?

Haiwezi. Kanieneo ya hewa ya huko ni chini ya asilimia 1 ya yetu. Upepo wa kilomita 100 kwa saa husukuma kama upepo wetu wa kilomita 13 hivi, unaotikisa majani tu. Hatari halisi ni vumbi linalozuia nuru ya Jua kufika kwenye paneli za sola: ndilo lililoinyamazisha roboti ya NASA iitwayo Opportunity mwaka 2018, baada ya kazi ya zaidi ya miaka 14.

19. Mtu wa Mirihi anaweza kuzungumza na Dunia kwa simu?

Ujumbe hutumia kati ya dakika 3 na 22 kwenda upande mmoja, kulingana na sayari zilipo. Ni barua, siyo simu. Kila miezi 26 hivi Jua hukaa katikati, na amri kwa mitambo ya huko husitishwa kwa wiki mbili hivi. Nafasi nzuri ya kurusha chombo nayo hujirudia kila miezi 26, na safari huchukua miezi 6 hadi 9. Mwandishi anayewaokoa wakoloni wa Mirihi "wiki ijayo" amejinyima hadithi iliyokuwa bora.

## Mbali zaidi

20. Tutafika nyota nyingine lini?

Kwa roketi za sasa, sahau. Voyager 1, iliyorushwa 1977, huenda kilomita 17 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo umbali wa Proxima ungechukua miaka 75,000 hivi.

Sasa tuseme una injini ya ndoto inayosukuma kwa nguvu sawa na graviti ya Dunia nusu ya njia, kisha igeuke na kufunga breki nusu ya pili. Ungefika Proxima kwa miaka 3.5 ya saa yako, huku Duniani ikipita miaka 5.9, na katikati ya safari ungegusa asilimia 95 ya kasi ya nuru. Tatizo ni nishati. Kilo moja iendayo asilimia 10 tu ya kasi ya nuru hubeba nguvu ya kilotani 100 na ushei za baruti ya TNT. Na kinyume chake kinauma vilevile: kwa kasi hiyo, chembe ya vumbi ya miligramu moja hugonga chombo kama kilo 100 za baruti hiyo. Ngao ni sharti.

21. Muda hupungua kweli ukienda kasi?

Ndiyo, na imepimwa. Kwa nusu ya kasi ya nuru tofauti ni asilimia 15 tu. Kwa asilimia 90, mwaka wako mmoja ni miaka 2.3 ya waliobaki. Kwa asilimia 99, ni miaka 7.1. Saa za satelaiti za GPS hukimbilia mbele mikrosekunde 38 kwa siku, jumla ya athari za mwendo na za graviti. Zisiporekebishwa, ramani ya simu yako ingekosea kwa kilomita kadhaa kabla siku haijaisha.

22. Na kuipita nuru je?

Kikwazo kikubwa siyo injini. Kwa nadharia ya uhusianifu ya Einstein, anayeweza kutuma ujumbe haraka kuliko nuru anaweza pia, kwa kupanga mienendo ya vyombo, kuupokea kabla haujatumwa. Injini ya kuipita nuru ni mashine ya kurudi jana, hata kama mwandishi hakukusudia. Pendekezo la Alcubierre la 1994, la kukunja nafasi mbele na kuipanua nyuma, linahitaji nishati hasi kwa kiasi ambacho hakuna ajuaye pa kuipata. Tumia injini hiyo ukipenda. Soma kwanza 25.

23. Shimo jeusi (kitu chenye mvutano mkali hata nuru haitoki) hufyonza kila kitu?

Hapana. Jua likibadilishwa ghafla na shimo jeusi la masi ileile, Dunia ingeendelea kuzunguka njia yake, ila gizani na kwenye baridi. Shimo hilo lingekuwa na nusu kipenyo cha kilomita 3. La masi ya Dunia, milimita 9.

Kuhusu kuingia, dogo ndilo katili zaidi. Katika shimo la masi kama ya Jua, tofauti ya mvutano kati ya miguu na kichwa inakunyambua ungali mbali na mpaka wake. Kwenye lile la galaksi ya M87, lenye masi ya Jua zaidi ya bilioni 6 na lililokuwa la kwanza kuonyeshwa kwa picha, Aprili 2019, ungevuka mpaka bila kuhisi lolote. Kurudi ndiko kusikowezekana.

## Kwa wanaoandika

24. Nikokotoe nini kabla ya kubuni sayari?

Mambo matatu, kwa kikokotoo cha simu. Kwanza umbali: chukua mwangaza wa nyota ukilinganisha na Jua, tafuta kipeuo chake cha pili. Nyota nyekundu ndogo yenye mwangaza wa 0.01 inataka sayari iwe kwenye 0.1 ya umbali wa Dunia na Jua ili ipate joto kama letu. Pili mwaka: zidisha umbali huo mara tatu wenyewe kwa wenyewe, gawa kwa masi ya nyota (hapa 0.33 ya Jua), tafuta kipeuo cha pili. Jibu ni miaka 0.055, yaani siku 20. Tatu graviti: gawa masi ya sayari kwa nusu kipenyo kilichozidishwa kwa chenyewe. Masi 2 na nusu kipenyo 1.2, ukilinganisha na Dunia, hutoa 1.4, hivyo mtu wa kilo 70 angejihisi na kilo 98.

Nambari hizo zinazaa mambo mengine. Sayari iliyo karibu hivyo huenda ikageuzia nyota yake uso mmoja daima, kwa hiyo usiandike mapambazuko. Nyota ingeonekana pana mara 3 hivi kuliko Jua letu, ikiwa imetulia mahali pamoja.

25. Ni uongo kiasi gani unaruhusiwa?

Mmoja mkubwa, utajwe mapema, na ufuatwe kwa uaminifu. Kama vyombo vyako hupita nuru, sema vinashindwa kufanya nini: havifanyi kazi karibu na nyota, au safari hula mwezi mzima. Kanuni ikiongezwa ukurasa wa 300 ili kumwokoa shujaa, msomaji ameibiwa.

26. Sayari yangu inaweza kuwa na jua mawili?

Inaweza. Kepler-16b, iliyotangazwa 2011, huzunguka nyota mbili. Kanuni ya mkono: iweke mbali angalau mara 3 hadi 4 ya umbali kati ya nyota hizo, la sivyo itarushwa nje.

27. Na mwezi wenye kupatwa kwa jua kamili, kwenye sayari ya swali la 24?

Swali hili huwanasa hata wazoefu. Mwezi ukiwekwa umbali wa huu wetu, kilomita 384,400, nyota ingeunyakua, kwa sababu eneo la himaya ya sayari hiyo linaishia kilomita 270,000 hivi, na mzunguko wa kudumu hukaa ndani ya nusu yake. Uweke kilomita 100,000. Mwezi wa ukubwa wa wetu utafunika ile nyota pana vizuri, na utazunguka kwa siku 2.6, hivyo kupatwa kunaweza kutokea karibu kila siku tatu njia zikilingana.

Ila mwezi unaozunguka haraka kuliko sayari inavyojizungusha hupoteza kimo polepole, kama Phobos inavyoishukia Mirihi kwa karibu sentimita 2 kwa mwaka. Ukiandika kwamba ustaarabu wa huko umeushuhudia mwezi huo kwa miaka bilioni nne, kokotoa tena.